Mkuku ukiwa mzima, tengeneza

Hapa Mafia, mtu akikwambia chombo chako kimechoka, ujue keshaulizia bei ya boti ya fiberglass. Mie nimeambiwa hivyo na wapwa zangu, na jirani, na kijana mmoja muuza mashine za boti pale Kilindoni ambaye mashua yangu hajawahi hata kuikanyaga. Nami si nahodha. Ni mwenye chombo tu, mashua niliyoachiwa na marehemu baba, inayotoka na jarife jioni na kurudi alfajiri. Ilipoanza kuingiza maji, mabaharia wakawa wanafua ngama usiku kucha badala ya kuangalia nyavu, ushauri ukawa mmoja kwa kila niliyemuuliza: bwaga hiyo, tafuta mpya.

Ingekuwa ni maneno ya barazani tu, ningeyaacha barazani. Lakini siku hizi ndivyo wanavyofikiri hata wanaogawa fedha. Uchumi wa Buluu umekuja na mikopo, na mikopo imekuja na boti mpya, nyeupe, zenye namba ubavuni. Sina ugomvi na boti mpya. Ugomvi wangu ni kwamba mvuvi mwenye chombo kinachotengenezeka hana mlango wa kugonga, na mwenye kutaka kukitupa chombo hicho anao.

Fundi wangu anatoka Jibondo. Asiyekijua kisiwa hicho, kiko kusini mwa Mafia, mawe matupu, udongo wa kulima hakuna, maji ya kunywa kwa miaka mingi yalivushwa kwa vyombo. Watu wa pale wamekula kwa bahari na kwa tezo tangu enzi za mababu. Mzee huyo alisubiri bamvua ili mashua ipande juu kabisa ya pwani, maji yakishuka isiguswe tena mpaka bamvua lijalo, kama wiki mbili hivi, awe na nafasi ya kufanya kazi miguu mikavu.

Nikamwonyesha ufa. Ulikuwa ubao wa pili kutoka mkukuni, upande wa kushoto, mwanya wa kuingia ncha ya kidole. Akaupita kama hauoni. Akaingia ndani ya chombo, akafukua mchanga na magamba ya samaki yaliyoganda ngamani, akaanza kugonga mataruma kwa kisogo cha tezo, moja baada ya jingine. Taruma zima hujibu kwa sauti kavu. Lililooza sauti yake inamezwa. Pale alipotilia shaka alichomeka kisu kando ya msumari: penye uzima kisu kiliingia kiasi cha ukucha, penye uozo kikazama nusu, na kilipotoka kilikuwa na unga mweusi kama kahawa.

"Bibie, huu ubao hauna kosa," akaniambia. "Ubao umekimbiwa na taruma lake."

Kisha akashuka, akalala chali mchangani chini ya chombo, akaufuata mkuku kwa mkono toka hanamu mpaka fashini. Huko alikaa muda mrefu kuliko kote. Alipotoka, mchanga umejaa kisogoni, neno lake lilikuwa moja tu: mzima.

Neno hilo ndilo lililoamua, na ndilo ninalotaka wenzangu waliulize kabla ya kuuliza bei ya chochote. Ubao wa ubavuni unabadilishwa. Taruma linabadilishwa, ila kwa zamu: unang'oa moja, unalitumia kama kipimo cha kuchongea jipya, unalipigilia, ndipo uguse la pili. Ukitoa matatu manne kwa mpigo, mbavu zinajiachia, umbo la chombo linapotea, na hata ukirudisha mti mpya mashua haitakwenda tena kama ilivyokuwa ikienda. Mkuku ni habari nyingine. Mbao za chini zimeukalia, mataruma yote yanauegemea, hanamu na fashini zimesimama juu yake. Kuubadilisha ni kuivua mashua yote na kuiunda upya, kwa gharama ya mpya na shida juu yake. Ukioza kipande karibu na fashini, fundi mzuri ataunga. Ukivunjika katikati, nunua. Jirani yangu chombo chake kilipigwa na kusi mwambani, mkuku ukapasuka katikati. Alipokuja kuniuliza nilimwambia achukue misumari na mlingoti, mbao azitie jikoni, akatafute kingine.

Kinachoua mashua zetu, kwa sehemu kubwa, si bahari. Maji ya chumvi huutunza mti. Maji ya mvua ndiyo yanayouozesha, na sisi vyombo tunaviacha pwani masika yote bila hata kuti la kufunikia, maji yamesimama ndani, halafu jua likitoka mbao zinajikunja na kalafati inatoka yenyewe. Wa pili ni msumari wa bei ya chini. Kutu haili chuma peke yake, hula na mti unaokizunguka, ndiyo maana uozo ule wa unga mweusi ulikuwa kando ya kila msumari na si katikati ya mti. Wa tatu ni yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao kimyakimya, ambaye wazee wetu walimmaliza kwa moto wa makuti chini ya chombo, kisha shahamu na chokaa. Kazi hiyo ni ya siku moja. Vijana wanaiona ya kizamani, na mbao zinatobolewa.

Sasa hesabu. Makadirio ya fundi, mbao za mkongo, misumari yenye zinki, pamba, mafuta na ujira, yalifika kama shilingi 4,500,000. Mashua mpya ya mbao ya ukubwa uleule, kwa mafundi haohao, isingeshuka chini ya 15,000,000. Ya fiberglass pamoja na mashine yake sikumaliza kusikiliza.

Nikaenda ofisi moja ya mikopo. Jina lake nalihifadhi, na kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu zake. Akaniuliza kama nina kikundi, nikasema ninacho. Akaniuliza mradi, nikasema matengenezo ya mashua. Akaitazama fomu, akageuza upande wa pili, akasema, "Mama, hapa kuna kununua chombo, kununua mashine, kununua nyavu. Matengenezo hayamo." Akanishauri, kwa nia njema kabisa, niandike kwamba nanunua mpya, nilete proforma ya muuzaji. Mzee wa Jibondo haandiki proforma. Anachora mchangani kwa kijiti, anakutajia mbao ngapi na siku ngapi, na akikosea ubao mmoja anaona aibu mwaka mzima.

Hebu fikirini maana yake. Ningekopeshwa zaidi ya mara tatu ya ninachohitaji ili niache chombo chenye mkuku mzima kikaoze. Nilimaliza kwa kuuza mbuzi na kupokea zamu yangu ya kikoba mapema, baada ya kubembelezana na wanachama wenzangu. Si kila mwenye chombo ana mbuzi.

Wanaotetea fiberglass wana hoja, na wanastahili jibu la haki. Ni nyepesi, inakwenda kasi, haihitaji kalafati, mdudu haigusi, na haikati mti wowote. Hili la miti ni zito: mkongo na mvule zimeadimika, mikoko yetu ya ng'ambo kule kwenye delta ya Rufiji ni hifadhi, na kibali si karatasi ya kupuuzwa. Lakini hoja hiyohiyo inanisaidia mie. Matengenezo yangu yamekula mbao chache na mataruma machache. Mashua mpya ingekula mti mzima na zaidi.

Na fiberglass nayo huvunjika. Ikigonga mwamba, tundu la nje si kitu, linazibika. Shida ni mbavu za ndani, ambazo mara nyingi ni ubao uliofunikwa: maji yakipenya humo ubao unaoza gizani, na nje boti inang'aa kama bibi harusi. Kuitengeneza kwataka gundi yake maalumu, vitambaa vyake, kivuli, ukavu, na mtu aliyefundishwa. Mtu huyo Kilindoni unamsubiri. Wa Jibondo ukimpigia simu asubuhi, adhuhuri yuko pwani na keekee yake. Anayenunua chombo ambacho hakina wa kukitengeneza hapo anapotia nanga amenunua kitu cha muda.

Watasema pia chombo kikuukuu kinaua. Wanakumbusha MV Spice Islander I, iliyojengwa 1967 na kuzama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokuwamo. Lakini meli ile ilibeba watu kupita kiasi chake mbali sana. MV Nyerere iliyopinduka jirani na Ukara Septemba 20, 2018 ilikuwa ya mwaka 2004, bado mbichi kwa umri wa vivuko, nayo ilijaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 walikufa. Mwaka wa kuundwa haukuwakinga hao wa Ukara. Ukaguzi ndio ungewakinga, na ukaguzi ninaoutaka ni wa mtu atakayegonga mataruma, asiishie kuhesabu majaketi ya kuokolea.

Isitoshe, serikali yenyewe haifuati ushauri inaotupa sisi. Kule Kigoma iko MV Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaunganishwa tena kando ya Ziwa Tanganyika na kuteremshwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliokuwa wakikimbia waliizamisha wenyewe Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Imekarabatiwa tena na tena tangu hapo, na serikali imekubali kuingia gharama ya kuikarabati tena. Sijasikia waziri akisema Liemba imechoka, itupwe. Na wanafanya vizuri, kwa sababu chuma kilichooza kinakatwa na kuwekwa kingine ilimradi umbo lipo. Basi kanuni inayofaa kwa meli ya serikali yenye zaidi ya miaka 100, kwa nini isifae kwa mashua ya mwanamke wa Kilindoni?

Lawama zote lakini nisizipeleke serikalini. Pwani yetu ina utaratibu wake wa zamani: samaki wakiuzwa, matumizi yakitolewa, fedha hugawanywa mafungu, na chombo hupata fungu lake kama baharia. Fungu lile ni la mbao na misumari, lilikuwapo kabla ya benki yoyote kufika Mafia. Wenye vyombo wa leo tunalipokea na kulipeleka kwenye ada, harusi na simu mpya, halafu ubao ukipasuka tunalia mitaji. Nahodha wangu sasa fungu hilo analikabidhi kwa mweka hazina wa kikoba moja kwa moja, halipiti mkononi mwangu. Alilipendekeza yeye, mbele ya mabaharia, na sikuwa na pa kukatalia.

Ninachoomba kwa wanaopanga mikopo hakihitaji semina hotelini. Kwenye fomu kiongezwe kipengele cha matengenezo. Makadirio yaletwe na fundi, hata kama ni kwa mdomo mbele ya mtendaji wa kijiji, na fundi mwingine aende kuukagua mkuku kabla fedha haijatoka. Fedha itoke kwa awamu: mbao na misumari kwanza, ujira mataruma yakishakaa, pamba na mafuta mwisho. Mkuku ukionekana umekufa, mwombaji ahamishiwe kwenye mkopo wa chombo kipya bila kuanza foleni upya. Kwa 15,000,000 ya mashua moja mpya, mashua tatu zilizolala pale pwani zingerudi majini kabla kaskazi haijaanza, kila moja na mabaharia wake ambao sasa hivi wanashinda kwenye vijiwe vya kahawa.