Jua la Bondeni Lisitudanganye



Kila jioni redio hutusomea utabiri wa hali ya hewa. Magharibi ya nchi, tunaambiwa, kutakuwa na mawingu, manyunyu na ngurumo mahali pengine. Kisha zinakuja habari za mpira. Sisi tunaofanya kazi kati ya Bugoye na mashamba ya Mubuku twauliza: mahali pengine ni wapi? Maana magharibi yetu ina kilele cha Margherita chenye theluji, mita 5,109 juu ya bahari, na ina Ziwa George lililo chini ya mita 1,000, vyote katika wilaya moja ya Kasese.

Bonde letu ni kavu. Mvua inayonyesha huko juu ya Rwenzori ni maradufu ya ile ya bondeni, na zaidi. Kwa hiyo mfanyakazi aweza kuwa shambani katika vumbi, jua likimchoma mgongo, huku mto ulio nyuma yake unajaa maji ya mvua ambayo yeye hakuiona wala kuisikia.

Tarehe 1 Mei 2013, siku yetu wenyewe ya wafanyakazi, Mto Nyamwamba uliteremka Kilembe ukabomoa nyumba na madaraja, ukaingia hospitali, na watu wakafa. Mwaka mmoja kabla yake moto ulikuwa umeunguza mimea ya bonde la juu la mto huo, udongo ukakosa cha kuushika. Tarehe 7 Mei 2020 mambo yakarudi, safari hii si Nyamwamba peke yake, bali na Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha kule Bwera. Na Septemba 2022, huko Kasika katika Rukoki, mlima uliporomoka ukaua watu wasiopungua 15.

Angalieni mwezi huo wa mwisho. Kiswahili chetu kimezaliwa pwani, na majina yake ya majira ni ya pwani. Mkata mkonge wa Tanga akisikia vuli anajua ni Oktoba hadi Desemba. Kwetu mvua za pili huanza Agosti. Anayepanga kazi za Bugoye kwa kalenda ya Mombasa atashikwa na maji kabla hajanunua koti. Lakini mambo ya pwani yanatuhusu pia: mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita kawaida, mvua kubwa zikapiga kutoka pwani hadi maziwa makuu, na kufika Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita hata kimo cha 1964.

Sasa nani analipa? Niliwahi kuwa kibarua wa kuanika kahawa, mahali nisipopataja. Mvua ikianza saa nne asubuhi mnyapara alifunga daftari, nasi tukarudi nyumbani bila kuandikiwa hata nusu siku. Lakini siku mto ulipojaa tuliamriwa tuvuke tukaokoe magunia ng'ambo. Mvua ikizuia kazi, hasara ni ya kibarua. Mvua ikitishia mali, kibarua ndiye wa kwanza kuingia majini! Hesabu hiyo siikubali hata leo.

Yako mambo matatu ya kudai katika mkataba wa hali bora za kazi. Utabiri wa hali ya hewa wa siku kumi ubandikwe kwenye geti, kwa Kiswahili na Lukonzo. Kibarua aliyefika kazini akazuiwa na mvua alipwe siku yake. Na anayekimbia mto asifukuzwe. Hili la tatu si ombi la huruma. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unamlinda mfanyakazi anayeondoka kazini akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini. Juni 2022 mkataba huo ulitiwa katika ile ya msingi ambayo kila nchi mwanachama, na Uganda ni mwanachama, inapaswa kuiheshimu.

Wengine watasema utabiri hukosea. Kweli, mimi mwenyewe nimeanua nguo bure mara nyingi. Ndiyo maana karatasi ya getini haitoshi, lazima pawe na macho mtoni. Maji yakigeuka matope na kuleta vigogo, ondokeni. Yakipungua ghafla wakati mlimani kunanyesha, ondokeni upesi zaidi, kwani huenda maporomoko yameziba mto na maji yanajikusanya nyuma yake. Mtambo wa umeme wa Bugoye, wa megawati 13, unaendeshwa kwa maji ya mlima huu huu, na hakuna mtambo wa namna hiyo unaoendeshwa bila watu wa kuyaangalia maji. Viongozi wa matawi wapande huko wakaongee nao.

Mkutano wa tawi ukiitwa, tusianze na fulana za Mei Mosi. Tuanze na jina la ndugu wa huko juu atakayepiga simu usiku, na jina la yule atakayegonga kengele kambini.