Namba Nazo Zina Ngeli

Wapo wanafunzi waliokimbilia Idara ya Kiswahili kwa sababu moja tu: kuikwepa hisabati. Aghalabu hao ndio wa kwanza kudai kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba hisabati. Dai hilo hurudiwa hata na baadhi ya wahadhiri, ilhali shule za msingi za umma nchini Tanzania zimefundisha somo hilo kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na istilahi zipo: namba tasa, kigawo, kipeo.

Chukua 12. Ikichanganuliwa huwa 2 × 2 × 3, yaani 2 yenye kipeo 2, na 3 yenye kipeo 1. Namba 45 ni 3 × 3 × 5. Vipeo vyake ni 2 na 1 vilevile. Ndivyo zilivyo 18, 20, 28 na 50. Mwanahisabati huziweka zote katika kundi moja, bila kujali ni tasa zipi zilizozizaa, na kila mojawapo ina vigawo 6. Namba 32 nayo ina vigawo 6, lakini ni 2 yenye kipeo 5, kwa hiyo haimo humo. Mwanafunzi wa sarufi hapaswi kushangaa. Kipofu ameanguka, kiti kimeanguka: kiambishi cha mwanzo ni kimoja, upatanisho mbali.

Istilahi zenyewe zinastahili mjadala. Tasa ni asiyezaa. Aliyeteua neno hilo yamkini aliitazama namba upande wa kugawanya: 7 haigawiki ila kwa 1 na kwa 7 yenyewe. Upande wa kuzidisha, kila namba nzima iliyozidi 1 ama ni tasa ama ni zao la tasa, tena kwa njia moja tu. Tasa gani huyu aliyewazaa wote? Nacho kipeo kimekaribiana mno na kipeuo, ilhali maana ni kinyume: 9 kwa kipeo cha pili ni 81, kipeuo chake cha pili ni 3. Mtahiniwa akipotea hapo, lawama si yake peke yake.

Makundi mengine hayana jina kabisa. Namba 72 ni 2 yenye kipeo 3 na 3 yenye kipeo 2. Haina kipeo kilicho chini ya 2, hivyo ni namba yenye nguvu. Hata hivyo si mraba, si mchemraba, wala haipatikani kwa kuzidisha namba moja nzima kwa yenyewe mara yoyote ile. Ndiyo ndogo kuliko zote za aina yake, ikifuatwa na 108. Wazungu waliziita kwa jina la Achilles, shujaa wa Wagiriki asiyedhurika ila kisiginoni. Waswahili wanaye Fumo Liyongo, aliyeshinda silaha zote hadi alipochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba. “Namba za Liyongo” ni jina litakaloeleweka Lamu na Kisumu pasipo tanbihi. Chama chenye nafasi ya kuandaa mashindano ya mashairi hakikosi alasiri moja ya kulijadili, na waalikwe wenzao wa Idara ya Hisabati.