Setilaiti inaona maji, lakini je, inakuona wewe?

Kila mvua ikizidi, simu yako hujaa ramani zenye madoa ya buluu: huku kumefurika, kule salama. Hebu tuulizane, mtaa wako umo?

Kumbuka mafuriko ya Machi hadi Mei 2024. Karibu watu 300 walifariki nchini, na maelfu ya familia zikahama, kuanzia Mathare hadi Tana River. Kenya tayari ilikuwa na setilaiti yake, Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023. Lakini hiyo ilikuwa ya kupiga picha kwa kamera, na kamera haipenyi mawingu. Siku za mafuriko, mawingu ndiyo hutanda!

Kazi hiyo huiweza rada. Setilaiti ya Ulaya, Sentinel-1, hutuma mawimbi yanayopita mawingu usiku na mchana. Maji yaliyotulia huyatupa kando, kwa hivyo kwenye picha huonekana meusi. Linganisha picha ya kabla na ya baada, unapata eneo lililofurika. Na picha zenyewe ni za bure.

Kwenye nyanda za Mto Tana, ambako maji husambaa kilomita nyingi, mbinu hii hufanya kazi vizuri. Mathare je? Hapo ni kizungumkuti. Kuta na mabati yaliyobanana hurudisha mawimbi kwa wingi, na maji ya vichochoroni hujificha. Isitoshe, setilaiti hupita baada ya siku kadhaa, ilhali mto wa mjini unaweza kufurika usiku na kupungua asubuhi.

Tena setilaiti haihesabu watu. Wataalamu huweka ramani ya maji juu ya makadirio ya idadi ya wakazi, kama yale ya sensa ya 2019. Kama ulihamia mtaani juzi, huenda humo.

Usidhani ni mambo ya wasomi tu. Mei 2024 serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na Rais Ruto akaahidi Sh10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Hapo swali si maji yalifika wapi, bali nani yumo kwenye orodha.

Vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap mwaka wa 2009. Nawe unaweza: weka vichochoro, mitaro na vivuko vyenu. Maji yakiingia, ukishafika mahali salama, piga picha na uandike saa na mahali. Setilaiti itaonyesha mto. Nyumba yako utaionyesha wewe.