Waraka kwa wanachama wa tawi kuhusu kura za mchujo

Ndugu wanachama,

Tangu kikao cha wadi, simu yangu haipumziki. Wanaopiga wana hofu moja: wapinzani watajipenyeza katika mchujo wetu, watuchagulie mgombea dhaifu, kisha Agosti watugaragaze. Wengine wanataka mchujo ufutwe, tiketi zigawiwe mezani.

Tupunguze jazba. Kwenye ngome za chama kimoja, wengi wa vyama vingine huvuka kwa sababu mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Wanatafuta sauti tu. Wenye hila wapo, lakini hila hii ni ngumu kufaulu. Mwaka 2008 kule Marekani, mtangazaji Rush Limbaugh aliwahimiza Republican wampigie kura Hillary Clinton ili mvutano wa Democrat urefuke. Mpinzani wake, Barack Obama, alipata tiketi hata hivyo, na Novemba akashinda urais.

Isitoshe, tangu sheria ya vyama irekebishwe mwaka 2022, mchujo wa wanachama wote hutumia orodha iliyoidhinishwa na Msajili wa Vyama. Anayetaka kutuvuruga sharti kwanza ajiandikishe kwetu. Basi tuisafishe orodha. Mnakumbuka mwaka 2021, Wakenya wengi walipogundua wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua? Kila mmoja wenu akague jina lake sasa, si asubuhi ya kura.

Kinachoninyima mimi usingizi si wageni. Ni sisi wenyewe.

Hapa kwetu kura zimegawanyika, na tiketi haimpi mtu kiti. Mwaka 2013 jijini Nairobi, Ferdinand Waititu alimbwaga Jimnah Mbaru katika mchujo wa ugavana wa chama cha TNA. Machi, Evans Kidero wa ODM akatwaa ugavana. Shangwe za ndani zilitosha kwa tiketi, hazikutosha kwa jiji. Lakini msikimbilie kusema basi tumteue mwenye suti na Kiingereza kilichonyooka. Mwaka 2017 wakubwa wengi wa Jubilee walimwona Peter Kenneth kuwa ndiye wa kuuzika. Wapiga kura wa mchujo wakamchagua Mike Sonko, na Sonko huyo huyo akamwangusha Kidero. Nani anauzika? Jibu liko kwa wapiga kura ambao hawaji kwenye vikao vyetu, na hao hatuwaulizi.

Kwa hiyo kila kamati ya wadi ichukue fomu 35A za matokeo ya ubunge za mwaka 2022, kituo kwa kituo. Angalieni tulikoshindwa kwa kura chache, kisha nendeni pale sokoni na stejini mkawaulize watu kuhusu majina ya wawaniaji wetu. Jina likizua kicheko, andikeni. Likizua swali la kweli kuhusu maji au karo, andikeni pia. Ripoti hizo zisomwe mbele ya wanachama wote, wawaniaji wakiwepo, hata kama zitamuudhi rafiki wa mwenyekiti (au wa katibu).

Kuhusu vijana wanaopanga kwenda kuvuruga mchujo wa wenzetu: acheni. Mkijiandikisha kule, mmejitoa huku, na siku yetu mtakosa kura. Tena huyo dhaifu mtakayempigia debe anaweza kushinda Agosti, akawa mbunge wenu miaka 5.

Siku ya mchujo tufike mapema na vitambulisho. Aprili 2017 Jubilee ilifuta uteuzi wa siku ya kwanza baada ya watu kufurika na karatasi kupungua. Makatibu wa wadi, nileteeni idadi ya wanachama waliokaguliwa kabla ya kikao kijacho, ili tuombe karatasi za kutosha.

Wenu,
Katibu wa tawi