Klavie zenye taa: kwanza tupange herufi

Leo nataka kusema juu ya kitu kidogo: klavie ya kompyuta. Wenzetu wa Kenya wanaiita kibodi. Najua kuna atakayeuliza: watu hawana unga, wewe unatuletea habari ya klavie? Ndiyo, naileta. Jina lako likiandikwa vibaya kwenye orodha, siku ya kugawa unga unaambiwa haumo. Na jina hilo lilipita kwenye klavie.

Vijana wetu wa Butembo wanapenda sana klavie za mekaniki, zile zinazolia ta-ta-ta na kuwaka rangi zote. Mimi sizipingi. Kila kitufe kina swichi yake na springi yake, na kwa nyingine swichi ikikufa unaichomoa hiyo moja tu na kuweka mpya. Kwa vumbi letu, hiyo ni faida. Shida ni kwamba mnunuzi anauliza tu inawaka namna gani. Hakuna anayeuliza kama programu ya ndani, ile mafundi wanaita fimwea, inafunguka au imefungwa.

Hapa kwetu tulisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo kompyuta nyingi zimepangwa AZERTY. Lakini bidhaa zinazopitia Kampala au Dubai mara nyingi zinakuja na QWERTY ya Kiingereza. Unaweka klavie ya Kiingereza kwenye kompyuta ya Kifaransa, unaandika Kambale, kioo kinakuonyesha « Kq,bqle ». Unaandika Kavira, unapata « Kqvirq ». Namba ya simu inayoanza na 097 inakuwa « àçè ». Watu wanacheka, wanafuta, wanaanza tena. Ukiwa na majina kumi, hiyo ni mchezo. Ukiwa na familia mia tatu kutoka Kanyabayonga na Kirumba, na giza limeingia, mchezo umekwisha. « Kq,bqle » kila mtu ataliona na kulisahihisha. Tarakimu moja iliyokosewa ndani ya namba ya simu, hakuna anayeiona mpaka siku mama anaposubiri kupigiwa na simu hailii.

Sababu yake ni hii. Klavie haitumi herufi. Inatuma nafasi ya kitufe tu, na kompyuta ndiyo inayoamua nafasi hiyo ni A au ni Q. Kuna atakayesema: badilisha mpangilio ndani ya Windows, ni bure. Ni kweli, kama kompyuta ni yako. Kwenye sekretaria ya mtaa au ofisi ya wengine, ukibadilisha, anayekuja nyuma yako anakuta kila kitu kimepinduka, na anakulaani.

Hapo ndipo fimwea inapofaa. QMK ni programu ya bure ambayo kila mtu anaweza kuisoma na kuibadilisha, na VIA inakuwezesha kupanga vitufe bila kuandika kodi. Unachokipanga kinabaki ndani ya klavie yenyewe, kinasafiri nayo kwenye kompyuta yoyote. Unatengeneza tabaka mbili: moja kwa kompyuta ya Kifaransa, nyingine kwa ya Kiingereza. Unabonyeza vitufe viwili pamoja, klavie inahama, na A iliyoandikwa kwenye kitufe inatoka A kwenye kioo.

Tabaka la tatu ningeliweka kwa tarakimu, na kwangu hilo ndilo la maana kuliko yote. Kwenye AZERTY tarakimu za juu zinadai ushikilie Maj. Nafikiri ndiyo sababu moja orodha zetu nyingi zimeandikwa kwa herufi kubwa tupu: mtu anafunga Maj mara moja, tarakimu zinatoka, basi. Kwa fimwea, unashikilia kitufe kimoja kwa kidole gumba, na vitufe vya mkono wa kulia vinakuwa namba kama za kikokotoo. Tumia zile kodi za sehemu ya namba, si za mstari wa juu, na uwashe Verr Num. Hapo zitatoka sawa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

Sasa taa. Taa ndogo ya rangi tatu ya aina ya WS2812 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula karibu miliampea 60. Zidisha kwa vitufe 68, unapita ampea 4. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 tu, kwa hiyo fimwea lazima ipunguze mwanga. Hata hizo 500 ni wati 2 na nusu. Kompyuta yenye betri ya wati-saa 40 inayokula wati 10 inadumu saa 4. Ongeza taa hizo, unabaki na saa 3 na dakika 12. Dakika 48 zimeliwa na mapambo, na jenereta ya jirani imezimwa tangu saa mbili. Tena nyumba inayometameta rangi usiku katika mtaa wenye hofu inaita macho ambayo hatuyahitaji.

Sisemi tuzime zote. Acha taa moja tu: kijani kwa tabaka la Kifaransa, bluu kwa la Kiingereza, nyekundu ukiwa kwenye tarakimu. Nyingine zizime, au ziweke zijizime baada ya dakika moja bila kuguswa. QMK ina nafasi ya kuandika muda huo, inahesabu kwa milisekunde, kwa hiyo dakika moja ni 60000.

(Na tusisahau: bati inayounganisha vipande vya vyombo hivi inatoka kwenye kasiterite, na kasiterite tunayo, Bisie kule Walikale. Inatoka kwetu kama mawe, inarudi kama taa za rangi.)

Kwa mashirika yanayotoa kompyuta kwa wanaoandikisha wakimbizi, ombi langu ni dogo: msilete klavie nzuri iliyofungwa. Ulizeni kama inakubali QMK au VIA kabla ya kulipa. Na wewe kijana, faili ya fimwea iwe ya klavie yako hasa, si ya ile inayofanana nayo. Ifanye kazi hiyo kwenye kompyuta yenye betri, umeme usije ukakatika katikati. Ukikatika, mara nyingi klavie haijafa: ichomoe, bonyeza kitufe kidogo cha nyuma unapoirudisha, kisha uanze upya.