Kinga ya Binti Ni Fardhi ya Baba Pia

Huku kwetu Kabuchai, nchi ya Wabukusu, mwaka shufwa unapoingia na mwezi wa Agosti ukakaribia, hakuna aila yenye mwana aliyefikia umri wa tohara isiyojulikana na kijiji kizima. Kwani kijana huzunguka akipiga kengele za chinyimba, akiwaalika akraba wa baba na wa mama, na wazee wakakaa kitako kumwusia, wala hakuna aonaye haya kuutaja mwili wake mbele ya kadamnasi. Bali binti wa miaka kumi, ambaye serikali imemwekea chanjo ya bure ya kumkinga na virusi vya papiloma, yaani HPV, jambo lake huachiwa mama peke yake, likanong'onwa jikoni na aghalabu likaishia hukohuko. Nami nasema kwa dhati ya moyo kwamba jambo hili litolewe jikoni lifikishwe barazani, na akina baba ndio walifikishe.

Kinachotutia tahayuri ni dhana kwamba maradhi yaletwayo na virusi hivi ni alama ya uasherati. Sivyo hata kidogo. Virusi hivi hupita kwa kugusana ngozi katika tendo la ndoa, na vimeenea kiasi kwamba wengi wa watu wazima huvipata wakati fulani maishani, mwili ukavishinda wenyewe kabla ya miaka miwili kutimia, bila mwenyewe kujua. Mke mwaminifu wa mume mmoja aweza kuvipata kama mwingine yeyote. Mashaka ni kwa wale ambao mwili haukuvishinda, hususan aina ya 16 na ya 18, ambazo tabibu Mjerumani Harald zur Hausen alizigundua mnamo 1983 na 1984, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Hizo mbili ndizo chanzo cha saratani za mlango wa kizazi takriban saba katika kila kumi. Ugonjwa hutambaa polepole, miaka 15 hadi 20, na kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa waweza kufika katika miaka mitano hadi kumi. Makadirio ya mwaka 2020 yaonyesha kwamba nchini Kenya wanawake 5,236 waliugua, na zaidi ya 3,200 wakafariki.

Chanjo ilipozinduliwa Mombasa mwezi wa Oktoba 2019, chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga, ilhali tashwishi iliyozuka mwaka 2014 kwamba chanjo ya pepopunda huleta utasa ilikuwa haijafutika vifuani mwa watu. Nawastahi viongozi wa dini, na mzazi anayeuliza kabla ya mwanawe kudungwa hastahili kulaumiwa. Lakini jibu lipo, naye ana haki ya kulisikia. Chanjo hii haina kirusi kilicho hai, ila umbo la gamba lake tu, ambalo mwili hujifunza kulitambua. Wanaoogopa utasa na wajue kwamba linalomnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, ambayo tiba yake mara nyingi ni kuutoa mfuko wa uzazi. Tena ithibati imetoka papa hapa Kenya: wasichana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2022, na dozi moja tu ikawakinga waliochanjwa nayo na aina hizo mbili kwa asilimia 97.5 katika muda wa miezi kumi na minane. Na umri wa miaka kumi haukuchaguliwa kwa kumdhania mtoto ubaya. Chanjo huzuia, haitibu, hivyo haina budi kuvitangulia virusi.

Wapo wasemao kwamba maadamu Wabukusu tunatahiri, yatosha. Utafiti wa Rakai, Uganda, ulionyesha kwamba tohara hupunguza virusi hivi kwa wanaume kwa kadiri ya theluthi moja. Theluthi mbili zilizosalia bado ziko, nazo humfikia mke, na mwanamume mwenyewe huweza kupatwa na saratani ya koo au ya uume kwa sababu ya virusi hivyo.

Mama yake binti naye asisahauliwe. Mwanamke wa miaka 25 hadi 49 hupimwa kwa siki inayopakwa kwenye mlango wa kizazi, kazi ya dakika chache, na doa likionekana mapema hutibiwa kabla halijawa saratani. Mume wa Luuya au Mukuyuni ampe mkewe nauli ya kwenda hospitali ya Chwele kupimwa akiwa mzima, nauli ambayo ni ndogo mno kuliko ya kumpeleka Eldoret akiwa hawezi, na siku ile ya kliniki abaki yeye nyumbani na watoto.