TAHARIRI: Kisanduku cha kuandikia kisitumalizie bando

UKITAKA kujaza tarehe kwenye fomu mtandaoni, kivinjari chenyewe kinaweza kukuletea kalenda. Ukitaka kuchagua rangi, vivyo hivyo. Lakini ukitaka kuandika barua ya kazi yenye herufi nzito, orodha na viungo, kivinjari hakina kisanduku cha shughuli hiyo. Kilichopo ni cha maandishi matupu.

Ndiyo maana kila tovuti hujitafutia. Wengi huchukua programu kama TinyMCE, CKEditor au Quill, na mzigo wake unashushwa kwenye simu yako kabla hujaandika hata neno moja. Bando linalokatwa ni lako, si la mwenye tovuti.

Nyingi ya programu hizo zimejengwa juu ya contenteditable, iliyoanza na Internet Explorer 5.5 mwaka wa 2000. Kwa miaka mingi kila kivinjari kiliifasiri kivyake. Kubonyeza Enter tu ilikuwa balaa: Internet Explorer iliweka aya ya <p>, Chrome ikaweka <div>, nayo Firefox ikaweka 
 hadi ilipobadilika 2018. Na ukibandika kitu kutoka Word, takataka za Word huja nacho.

Msimamo wetu ni kwamba vivinjari vituletee kisanduku cha asili. Msanidi aseme tu: hapa ruhusu herufi nzito, orodha na viungo, mengine tupa. Kivinjari kisafishe kinachobandikwa, kielewane na kibodi ya simu, na kisomeke vizuri na programu zinazowasaidia wasioona.

Wapo watakaosema kampuni kubwa zinataka uhuru wa kujichorea. Sawa. Google Docs ilitangaza 2021 kwamba inahamia kuchora kurasa zake kwenye kanvasi. Wenye uwezo huo waendelee. Lakini kijana anayemtengenezea mfanyabiashara wa Gikomba tovuti hana jeshi la wahandisi. Anahitaji kitu kinachofanya kazi leo, hata kwenye simu ya bei ya chini.

Viwango vya HTML vinasimamiwa na WHATWG, na mijadala yake iko wazi kwa yeyote. Nyinyi mnaojifunza kutengeneza tovuti, ingieni mtoe maoni. Adha ya simu ndogo na bando la mkopo tunaijua sisi. Tusipoisema, nani ataisema?